Wanakamati Watatu wa Kwenye Karatasi

Jumatatu, 3 Machi
Barua kutoka kwa wafadhili wa mradi wetu wa kupanda miti kwenye chemchemi. Nusu ya kamati wawe wanawake, la sivyo mradi unafungwa. Kamati nzima ni wanaume sita, mwenyekiti mimi. Akili ni mali! Nimewaondoa watatu na kuandika majina ya mke wangu, shemeji yangu na mama mkwe. Wenyewe hawajui. Kwani jina linauma?

Jumatano, 5 Machi
Mkaguzi anakuja Ijumaa kuwaona. Fundi bomba, katibu wangu, anacheka chinichini. Uenyekiti anautaka tangu zamani. Nimemweleza mke wangu kwamba kazi ni kukaa mbele na kutabasamu. Amesema sawa. Mara moja tu, bila swali. Mwanamke msikivu!

Ijumaa, 7 Machi
Mkaguzi aliuliza kwa nini nusu ya miche imekufa. Nikaanza kumfafanulia mabadiliko ya tabianchi. Mama mkwe akaomba nafasi.

“Mkwe wangu, usisingizie jua,” alisema. “Mmepanda miti kwenye njia yetu ya kwenda kuteka maji. Tunaikanyaga kila asubuhi. Mngetuuliza, tungewaonyesha pa kupanda.”

Mkaguzi aliandika kurasa mbili. Kisha wanawake wakampeleka chemchemini kumwonyesha, nasi wanaume tukabaki na viti. Nilitazama visigino vya mama mkwe vikipotea kilimani. Miaka ishirini anateka maji pale. Sikuwahi kumuuliza lolote.

Jumapili, 9 Machi
Uchaguzi mpya. Mwenyekiti: mama mkwe. Fundi bomba alipiga makofi hadi viganja vikawa vyekundu. Kisha ukatibu akapewa mke wangu. Mikono ya fundi ikarudi mfukoni! Mimi na fundi tumepangiwa kumwagilia miche mipya, iliyopandwa kando ya njia. Ndoo kumi na mbili kwa siku. Shingo haigeuki.

Ijumaa, 14 Machi
Miche imeshika, yote. Mke wangu amesema nimeanza kufaa. Nimefurahi kuliko nilivyotaka.

Jumamosi, 15 Machi
Habari njema! Kuna mradi wa kufuga nyuki, wanataka mwenyekiti kijana, chini ya miaka thelathini na mitano. Nina hamsini na miwili, ila sura inadanganya. Nimenyoa ndevu na kupaka mvi rangi nyeusi. Mke wangu ameuliza kulikoni. Nimemwambia ni joto.