Ndoa Kabla ya Tarehe Tano

Jumanne, 8 Oktoba 2024. Muleba

Pigo! Protase, fundi simu mwenzangu hapa stendi na adui yangu wa karibu, kanisomea masharti ya bahati nasibu ya Green Card ya Marekani kwa sauti, wateja wakisikia. Lazima uwe umemaliza sekondari, au uwe na kazi ya kiwango wanachokitambua wao. Kufungua simu za watu kwa bisibisi ya kuazima hakumo. Na mimi niliishia kidato cha pili! Miaka yote hii nimeaga watu kwamba nahamia Marekani, kumbe bure. Protase alimaliza, na keshajaza. Kanipa pole huku anacheka. Mshenzi.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimepata dawa! Mshindi anaruhusiwa kwenda na mwenzi wake wa ndoa. Kumbe si lazima nishinde mimi. Nahitaji tu mke aliyesoma. Na Judica ni mwalimu, ana diploma, na uchumba wetu uko mwaka wa sita. Sikumuoa kwa sababu nilikuwa naondoka. Sasa nitamuoa kwa sababu naondoka. Akili ninayo, sina vyeti tu.

Dirisha la maombi linafungwa tarehe 5 Novemba. Ndoa ifungwe kabla, la sivyo hawezi kuniandika kwenye fomu yake.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimemwambia Judica tuoane haraka iwezekanavyo. Kaniuliza mara mbili kama naumwa. Kisha kalia, pale pale barabarani, kwa furaha. Nilijisikia vizuri sana. Na vibaya kidogo.

Jumapili, 13 Oktoba

Tangazo la kwanza, kanisani kwao Kagoma. Kwetu Walutheri ndoa hutangazwa Jumapili tatu, mwenye pingamizi aseme. Nimepiga hesabu: leo, tarehe 20, tarehe 27, harusi Jumamosi tarehe 2. Tunawahi! Hakuna aliyepinga. Ila kina mama wote waligeuka wakamtazama Judica tumboni.

Jumatano, 16 Oktoba

Balaa. Kagoma nzima inasema Judica ni mjamzito, ndiyo maana ya haraka. Aliyeanzisha ni Protase, nina hakika. Mama yake Judica kampeleka migombani kumhoji. Baba yake, Mzee Kamala, kaniita nifike, na nisije mikono mitupu. Nikapeleka mbuzi wa mahari. Kampokea vizuri, kamfunga kamba, kisha kasema huyo ni wa kosa. Wa mahari anamsubiri. Nikamwambia kwa heshima ya Kihaya, waitu, hakuna kosa lililotendeka! Kasema basi ni wa kosa litakalotendeka.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimesimamishwa mbele ya wazee wa kanisa. Mchungaji kauliza: miaka sita hukuwa na haraka, leo haraka ya nini? Marekani siwezi kuitaja. Nikafungua mdomo nidanganye. Nikasema nimechoka kula peke yangu. Nikasema Judica akikatiza stendi, naifunga simu ya mteja na kuacha betri nje. Nikasema nikisikia jambo la kuchekesha, namtafuta yeye kwanza. Nikalia! Mzee mmoja naye kalia. Wakanipitisha.

Nikatoka nje nikakaa, nikajaribu kukumbuka ni wapi hasa nilipodanganya. Sikupaona.

Jumatano, 23 Oktoba

Bukoba na Judica, kununua pete. Nikampitisha studio, nikamwambia picha ni ya cheti cha ndoa. Nikamwelekeza mpiga picha: ukuta mweupe, miwani avue, asitabasamu, uso ukae katikati. Judica kanitazama kwa muda. Kisha kavua miwani. Tukaenda kula samaki karibu na ziwa. Kala kidogo sana. Nadhani ni uchovu wa safari.

Jumapili, 27 Oktoba

Mama wee! Tangazo la tatu. Mchungaji kauliza mwenye pingamizi. Akasimama Judica. Bibi harusi mwenyewe! Watoto wakapanda juu ya mabenchi waone vizuri. Kasema kwa sauti ya darasani kwamba mume anamtaka, tarehe haitaki. Anaomba ndoa iwe Jumamosi tarehe 9. Mchungaji kauliza sababu. Kajibu kwamba Mwesiga anaijua. Kanisa zima likanigeukia. Nikatazama viatu vyangu.

Nje kanieleza. Kila mwaka walimu wenzake wanapiga picha kama ile ya Green Card, nilidhani yeye mjinga? Miaka sita alisubiri kuposwa, kumbe iliyoposwa ni diploma. Kama namtaka yeye, tarehe 9 atakuwepo. Kama nataka Marekani, picha ninayo, niondoke nayo. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Macho yalikuwa mekundu, na mimi ndiye niliyeyafanya hivyo.

Jumanne, 5 Novemba

Siku ya mwisho. Protase kanishauri nijaze mwenyewe, nidanganye kwamba nilimaliza kidato cha nne. Au nitafute mwalimu mwingine, Muleba wamejaa. Nikafungua ukurasa. Jina, sawa. Tarehe ya kuzaliwa, sawa. Hali ya ndoa. Nikakwama hapo mpaka chai ikapoa.

Nikafunga kibanda, nikaenda Kagoma. Judica alikuwa anamenya ndizi na mama yake. Nikamwambia sijajaza na sitajaza. Nikamwomba msamaha, mama mkwe akisikia. Judica kanipa kisu nimenye. Mama mkwe kasema namenya vibaya kuliko mtu yeyote aliyewahi kumwona. Nimekula mara tatu.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimeoa! Mvua ilinyesha, turubai likavuja, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikatosha mpaka Protase kacheza. Mzee Kamala kadai mbuzi wake wa mahari hadharani, nikamkabidhi. Nilipoulizwa kama nakubali, nilijibu kabla Mchungaji hajamaliza swali. Watu wakaangua kicheko, Judica kuliko wote. Nampenda mke wangu. Sitaki tena kwenda popote.

Jumanne, 12 Novemba

Protase kaleta habari nzito. Brazil! Mtoto akizaliwa kule, baba na mama wanaruhusiwa kukaa moja kwa moja. Kidato hawaulizi!

Jioni nimemwambia Judica tusikawie kupata mtoto. Kanikumbatia, kasema hakujua kama nimebadilika kiasi hiki. Kesho nitamuuliza, taratibu, mjamzito anaruhusiwa kupanda ndege mpaka mwezi wa ngapi.