Kishikio Kisicho na Kitako

Jumatatu, 3 Machi

Shangazi katangaza leo mgahawani kwake: kuanzia wiki ijayo mashine ya kahawa itakuwa na mtu mmoja tu. Mwingine ataosha vikombe. Ataamua Jumamosi, kwa kuona na kuonja. Tuko wawili: mimi, mtoto wa kaka yake wa damu, na Kimya, dada ambaye tangu aajiriwe hajawahi kumaliza sentensi tatu kwa siku. Mimi, kuosha vikombe! Thubutu!

Nina mpango. Nimeagiza kishikio kisicho na kitako. Vishikio vyetu, vile vyuma vya mpini vinavyobeba kahawa iliyosagwa, vina kitako chenye midomo miwili, kwa hiyo vinaficha aibu ya mtu. Hiki chini kiko wazi. Ukishindilia vibaya, kahawa inaruka ovyo na kila mtu anaona. Kitamuumbua Kimya mchana kweupe.

Jumatano, 5 Machi

Kimefika. Nikamkaribisha Kimya akijaribu, kwa roho safi kabisa. Nilimwita na Shangazi, na dereva wa mikate, na wateja wawili waliokuwa karibu. Kimya akaukoroga unga wa kahawa kwa sindano kuvunja mabonge, akausawazisha, akaushindilia, akabonyeza. Kahawa ikashuka uzi mmoja, mzito, rangi ya asali. Dereva akakiomba kikombe kile kile.

Wakasema zamu yangu. Yangu ilitoka pande tano. Nyingine ilifika kwenye kalenda ukutani. Nimewaeleza kuwa kishikio kina kasoro ya kiwandani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewahi kazini kufanya mazoezi. Vikombe kumi na vinane, vyote nimemwaga. Kalenda haisomeki tena mpaka Juni.

Kimya akaingia, akatazama kidogo, akasema, “Kaka, unajiangalia kwenye mashine. Ndiyo maana unashindilia upande.” Uzushi mtupu! Nikajitazama kwenye mashine nione kama nina sura ya mtu wa kujitazama. Sina.

Alipokwenda stoo nikaifunika mashine kwa taulo, kujaribu tu. Uzi mmoja! Machozi yalinilengalenga. Mbinu hii nimeigundua mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Nimenyoa. Kinyozi kanipiga na mstari pembeni. Taulo nimeliondoa, Shangazi asije akadhani naficha kitu, na mashine nimeisugua mpaka inang'aa.

Jumamosi, 8 Machi

Kimya alianza. Uzi, kama kawaida yake. Nikaingia mimi. Nikasawazisha, nikashindilia. Yule kinyozi fundi kwelikweli, nilikuwa bado nauangalia ule mstari nilipobonyeza.

Blauzi ya Shangazi ilikuwa nyeupe. Akaonja kilichobaki kikombeni, ambacho hakikuwa kingi, akajifuta shavu taratibu. “Mwanangu,” akasema, “sinki lile pale.”

Nimeumia. Sina haja ya kujidanganya humu ndani, nimeumia sana. Ile mashine nimeipenda tangu siku tulipoitoa kwenye boksi.

Jumatatu, 10 Machi

Vikombe mia moja na ishirini. Vidole vimekunjamana.

Adhuhuri Kimya akaja sinkini. Akasema amemwomba Shangazi niachiwe mashine kila asubuhi kabla hatujafungua, na kwamba kuta atazifuta yeye mwenyewe. Mkono wangu ukitulia, Shangazi atanirudishia zamu. “Njoo saa moja,” akasema. “Nitasimama na wewe mpaka uweze.”

Hizo sentensi zilikuwa zaidi ya tatu. Nimelifikiria jambo hili mchana kutwa nikisuuza, na sababu ni moja tu: ananiogopa. Mtu anayejiamini angeniacha papa hapa na sabuni zangu.

Nimemkubalia kwa shingo upande. Nitafika saa moja na nusu, asije akadhani nina shida, na nitaanza kwa kumrekebisha anavyoshika sindano.