Vipande vya Zege Nilivyovianika

Jumatatu, 4 Machi
Wiki ya nne sasa tangu daraja la reli la binti yangu limwagwe zege. Yeye ndiye aliyelichora! Mhandisi, wa kwanza ukoo mzima. Mihimili ya chuma imezamishwa ndani ya zege, vinabeba mzigo pamoja. Daraja jembamba, halili vifaa. Jirani Mama Ghorofa, ambaye mwanawe hujenga maghorofa, kauliza urefu. Mita kumi. Akacheka, eti hizo hata yeye anaruka. Nikamwambia aruke akiwa amebeba treni.

Jumanne, 5 Machi
Nimempelekea binti chakula kazini. Kisingizio tu, nilitaka kuchungulia. Kanieleza kwamba Ijumaa watu wa maabara wataponda kwa mashine vipande vya zege lile lile. Vikivunjika mapema, daraja linakataliwa. Jasho jembamba!

Jumatano, 6 Machi
Nimeviona hivyo vipande. Vimo ndani ya tangi la maji! Nani huloweka zege kama maharage? Hivyo si vitavunjika tu! Binti alipopanda juu ya daraja, nikatoa sita, nikavifuta kwa mtandio wangu, nikavianika juani, juu ya ukuta. Mgongo hoi. Mama ni mama.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa. Fundi wa maabara kavikuta ukutani, kapiga yowe. Kumbe zege hukomaa majini, ukilikausha mapema linadhoofu! Nikakiri. Binti hakunigombeza. Alisema tu, “Jamani, mama.” Heri angenigombeza.

Ijumaa, 8 Machi
VIMEPITA! Kumbe nilivyoanika, kwa alama zake, vilikuwa vya sakafu ya choo cha stesheni. Vya daraja vilibaki majini, havijaguswa. Nimelia, nimecheka, nimemkumbatia fundi wa maabara hadi kofia ikamdondoka. Choo watakipima upya. Shauri yao, hakipitiwi na treni. Mama Ghorofa nimempa habari nikiwa bado getini, mtaa mzima usikie.

Jumamosi, 9 Machi
Treni ya majaribio imepita salama! Binti alikuwa chini na vipimo vyake. Daraja limebonyea milimita tatu, likarudi. Kafurahi, eti ndivyo alivyopiga hesabu. Nimeitikia kwa kichwa. Lakini daraja la mwanangu libonyee, Mama Ghorofa akiona? Nimeshamwagiza seremala gogo nene, mita nne. Jumatatu nalisimamisha pale chini ya daraja katikati, kimyakimya, lisibonyee tena. Wala binti asinishukuru.