Gari Linalowaka kwa Ufunguo

Kwa Ndugu Meneja,
Yadi ya Magari Yaliyotumika.

YAH: GARI MLILOTUUZIA KUWAKA BILA KUSUKUMWA

Pole na kazi. Mimi ni mteja wako wa wiki tatu zilizopita, yule mwenye kipara na bahasha ya kaki, niliyekuja na familia nzima pamoja na mama mkwe aliyesinzia kwenye kiti chako cha kuzunguka. Tuliondoka na lile gari dogo la bluu lenye gia za mkono. Tafadhali usinichanganye na yule bwana aliyelia kwa furaha. Huyo alinunua pikipiki.

Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa karani wa masjala. Kazi yangu ni kupokea malalamiko ya watu, kuyagonga muhuri na kuyafungulia jalada, kwa hiyo najua fika barua isiyo na mpangilio huishia wapi. Huishia kwenye droo yangu ya chini. Hii yangu nimeipanga kwa namba ili usipate kisingizio.

Kwanza historia fupi. Gari letu la zamani, lile jeupe mlilolipokea kama sehemu ya malipo, kwa mwaka mmoja na nusu lilikuwa haliwaki kwa ufunguo. Unazungusha, linanyamaza kimya kama mtoto aliyeulizwa nani kamaliza sukari. Fundi wetu aliitwa mara nne. Kila alipofika lilimwakia palepale, na kila alipoondoka, kesho yake limegoma. Mara ya nne alikusanya spana zake akasema, "Gari hili lina adabu mbele ya wageni tu. Liuzeni," na simu zetu hapokei tena.

Basi tukajibana. Nyama ikawa ya Jumapili, simu za maongezi marefu zikapigwa marufuku, na hatimaye tukauza makochi ya sebuleni, yote, pamoja na lile lenye mguu wa tofali. Ndipo tukafika kwako.

Sasa ni lazima uelewe asubuhi zetu zilikuwaje. Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa tunatoka nje wote. Mimi nilishika usukani, kwa kuwa usukani ni wa mtu mwenye uzoefu. Mama watoto, ambaye ni fundi cherehani, alishika pembe ya kushoto ya buti, futi yake ya kupimia ikiwa shingoni. Kifungua mimba wetu, binti wa miaka kumi na minane, alishika pembe ya kulia, na ndiye aliyekuwa injini yetu halisi. Kitinda mimba, wa miaka tisa, alikaa katikati na kazi yake ilikuwa kupiga kelele. Kinyozi wa pale kona alikuwa akimwacha mteja nusu kichwa, anakuja kuongeza bega. Mimi nahesabu moja, mbili, tatu, gari linashuka ule mteremko wa kichochoro, na tukifika mbele ya duka la dawa naachia klachi. Linakohoa, linawaka, halafu watu wanakimbilia milango huku wakicheka kama wameiba kitu. Ilikuwa shughuli ya dakika tano tu, Ndugu Meneja.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Gari lenu linawaka. Asubuhi ya kwanza watu walijipanga kama kawaida, nami nikaanza kuhesabu. Nilipozungusha ufunguo liliunguruma kabla sijafika mbili, likasogea, na mama watoto akabaki amenyoosha mikono hewani akisukuma asubuhi tupu. Kitinda mimba alikaa chini akauliza sasa yeye apige kelele za nini.

2. Kwa sababu linawaka, hakuna anayehitajika. Mama watoto, ambaye zamani alisukuma, akapanda, akafika kwenye cherehani yake wa kwanza, siku hizi ananiambia dirishani, "Tangulieni, mie nipo nipo kwanza." Kitinda mimba anataka aamshwe gari likiwa mlangoni. Nimekuwa dereva wa nyumba yangu mwenyewe, tena dereva asiyesalimiwa.

2(a). Hili ningependa ulisome taratibu. Kifungua mimba wetu anaondoka baada ya wiki sita kwenda chuo, mbali, safari ya siku nzima. Binti huyu alianza kuwa mtu wa chumbani tangu alipopata simu. Chakula alikula huko, maneno yake kwetu yakabaki "poa" na "baadaye". Wakati pekee niliousikia mkono wake kwenye maisha yangu ni pale gari lilipojongea kwa nguvu zake, na wakati pekee niliosikia kicheko chake ni mbele ya duka la dawa. Sasa anaingia siti ya nyuma, anaziba masikio kwa vile vidude vya muziki, anashuka. Nimebakiwa na asubuhi thelathini za kazi na mwanangu, na gari lenu linazimaliza kwa kuzungusha ufunguo. Nasema wazi kwamba inaniuma.

3. Lalamiko hili nimeliondoa. Lilimhusu mama mkwe, naye tunaishi naye.

4. Kinyozi haniongeleshi. Amewaambia wateja wake kwamba tangu ninunue gari la ufunguo nimekuwa mtu wa kupita tu. Jumamosi alininyoa huku amenuna, na ingawa nywele zangu ni za pembeni tu, nilikuwa katika hali ya hatari.

5. Makochi yetu yameliwa na gari hili, kwa hiyo kiti laini kilichobaki nyumbani ni cha mbele, kushoto kwa dereva. Nilisema simtaji mama mkwe, lakini imebidi. Kila jioni ananiamuru niegeshe sambamba na dirisha la sebule, anaketi ndani ya gari na kutazama televisheni kupitia dirishani. Taarifa ya habari ikianza anafunga mkanda. Tukimwita ndani anasema huku kuna starehe na mlango unafungika.

6. Siku ya makabidhiano mfanyakazi wako aliingia kwenye gari letu jeupe, akazungusha ufunguo mara moja, likamwakia. Mbele yangu. Mwaka mmoja na nusu tunalisukuma, halafu linamwitikia mtu asiyelijua hata jina lake la utani. Nilimgeukia mama watoto ili tuumie pamoja, nikamkuta anakagua matairi ya magari ya watu wengine. Naona hata yeye ilimchoma.

Ndugu Meneja, usije ukanijibu kwamba gari kuwaka si kosa. Nimeisoma karatasi yako ya dhamana, mbele na nyuma, kama ninavyosoma kila kitu. Kifungu cha nne kinasema yadi itashughulikia "hali yoyote ya gari inayovuruga matumizi ya kawaida ya mteja". Matumizi yetu ya kawaida yalikuwa kusukuma. Yamevurugwa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba hali hiyo ni lazima iwe ubovu. Nimewaonyesha wenzangu wawili ofisini. Mmoja amekubaliana nami, na mwingine ameomba kuhamishwa meza.

Kwa hiyo naomba ubovu. Siombi ubovu mkubwa, maana najua biashara ni ngumu. Naomba ubovu mdogo, wa kudumu, utakaofanya gari likatae ufunguo kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu mpaka saa moja kasoro robo. Jumamosi na Jumapili linaweza kuwaka, ili mama mkwe awahi dirisha lake. Ikiwa mafundi wako hawawezi kuharibu kwa kipimo hicho, basi nibadilishiwe. Kule nyuma ya yadi niliona gari la kijani lenye majani yaliyotokeza kwenye boneti. Niko tayari kulichukua jinsi lilivyo, na nitaongeza televisheni. Na kama hata hilo haliwezekani, naomba mfanyakazi wako mmoja awe anakuja kwetu kila asubuhi, analala chini ya gari, anakataa kutoka hadi tulisukume.

Nategemea majibu kabla wiki hazijapungua.

Nisalimie yule dada wa mapokezi aliyempa mama mkwe mto wa kuegemea, mlinzi wa getini, wafanyakazi wote wa kuosha magari, na paka wenu anayelala juu ya matairi. Lile gari letu jeupe, kama bado lipo, liambie sina kinyongo nalo, ila lijirekebishe.

Ni mimi, mteja wako aliyeridhika kupita kiasi,
Karani wa Masjala,
mwenye gari la bluu.

Tanbihi: Tafadhali puuza namba 1 hadi 6 zote, ikiwemo 2(a) na ile niliyoiondoa.

Barua hii ililala mezani kusubiri stempu, na mama watoto akaisoma akipiga pasi. Leo asubuhi nimezungusha ufunguo, gari lenu likanyamaza. Niliposhuka nilimkuta tayari yuko pembe ya kushoto, amekunja mikono ya blauzi. Akaita mara moja tu, "Jamani, limegoma." Kitinda mimba alitoka na kiatu kimoja. Kifungua mimba alitoka bila kitu masikioni, akashika pembe yake ya kulia. Kinyozi alikuja mbio na mkasi. Nilihesabu mpaka tatu. Mbele ya duka la dawa liliwaka, na binti yangu alicheka mpaka akakaa barabarani.

Ndipo mama watoto akafungua boneti, akanionyesha waya mdogo wa stata ukiwa umechomolewa, akaurudisha kwa vidole viwili kama anayetia uzi kwenye sindano. Amekuwa akiuchomoa kila asubuhi kwa mwaka mmoja na nusu, tangu wiki ile binti alipoanza kulia chakula chumbani. Fundi akiitwa, anaurudisha. Siku tuliyokuja kwako aliurudisha ili mtupe bei nzuri. Nilipomuuliza kwa nini basi aliniacha niuze gari zima na makochi yangu, alisema nilikuwa nimeshaamua, na kwamba mimi nikishaamua huwa nasikia namba tu. Binti alikuwa anajua. Kinyozi alikuwa anajua. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akimshikia tochi.

Kwa hiyo gari lenu halina tatizo, la zamani halikuwa na tatizo, na ubovu niliouomba tunautengeneza wenyewe nyumbani. Kama yadi yako inapokea pia makochi yaliyotumika, naomba unijulishe.

Kuhusu zile asubuhi thelathini, binti amesema tutasukuma zote. Kuna badiliko moja tu, ambalo limepitishwa bila mimi kuulizwa. Kuanzia kesho usukani ni wa mama watoto, na mimi nimepangiwa pembe ya kushoto. Anasema mwaka mmoja na nusu amesikia mtu akihesabu, na hajawahi kumwona akisukuma.