Fuvu Lipige Magoti

Luhende wa bodaboda tunamwita Mtume, maana habari zote za Bariadi zinapita kwake kwanza. Jana kaja kijiweni kwetu nyuma ya jineri ya pamba, akaanza kupayuka hata pikipiki hajazima.

"Jamani, shule ya binti yangu Milembe imetuma meseji! Eti siku ya Halloween watoto wavae mizimu, jioni wapite nyumba kwa nyumba wakiomba pipi!"

Mektilda, muuza kahawa wetu, akabaki kashika birika hewani. "Wavae nini?"

"Mizimu. Wachawi. Mafuvu!"

"Bariadi hii hii?"

Danford, tunayemwita Posta kwa sababu aliwahi kukaa Dar, mitaa ya Posta, na akili bado haijarudi, akacheka. "Acheni ushamba. Dar kitu cha kawaida hicho."

"Dar kuna sungusungu?" Luhende akamjia juu. "Huku fuvu likigonga mlango gizani, yowe la mwano linapigwa, mtaa mzima unatoka na fimbo! Mwanangu yuko chekechea, Posta!"

Wote tukamgeukia Maganga, Kamanda wa sungusungu wa mtaa wetu. Akapuliza kahawa yake taratibu.

"Mimi sina muda wa kuliuliza fuvu linasoma wapi. Nachapa kwanza."

Luhende alitia huruma kwa kweli. Nami nikaropoka: "Basi wafundishwe kusalimia! Mlango ukifunguliwa, mtoto apige magoti: 'Mwadila, guku.' Mchawi gani ana adabu hiyo?"

"Hapo umenena!" Mektilda akanijazia kikombe bure.

Kamanda akaweka chake chini. "Ngoja kwanza. Giza limeingia. Nafungua mlango, fuvu limepiga magoti, linaniita babu, tena kwa Kisukuma?"

"Ndiyo."

"Kumbe la ukoo wetu! Limenifuata mimi!" Akageuka kutazama nyuma yake.

"Kamanda, unaogopa?" Posta akauliza.

"Naogopa nini? Nauliza tu!"

"Basi wasindikize wewe mwenyewe," Luhende akambembeleza. "Wakikuona nao, nani atapiga mwano? Nisaidie, baba, nina huyo mmoja tu."

Kamanda akafikiri mpaka kahawa ikapoa.

"Haya, nitakwenda. Ila wengine watangulie mbele, wengine wakae nyuma, mimi katikati. Na huyo Milembe anishike mkono, asiniachie."

Luhende akashusha pumzi. "Mungu akubariki, Kamanda. Hapo mtoto hataogopa."

"Mtoto gani?" akauliza Kamanda.