Mlango wa Brigedia

Jumamosi, 6 Septemba

Mawe kumi na manne! Nimeyahesabu. Tangu saa moja asubuhi mpaka saa tano nimechambua maharagwe, na mavuno yangu ni mawe kumi na manne na msumari mmoja. Mzee mzima, mvi mpaka kwenye nyusi, nadonoa changarawe kama kuku.

Kila Jumamosi familia yetu inajitolea kwenye Meza ya Upendo, ukumbi ule nyuma ya kanisa ambako mwenye njaa yeyote hupewa sahani ya chakula cha moto. Mke wangu ndiye mkuu wa jiko. Mimi humwita Serikali, kimoyomoyo. Binti yetu anagawa chakula. Mumewe, kijana mwenye mabega, ananyanyua masufuria. Na mimi? Maharagwe.

Kazi ya maana ni moja tu: mlangoni. Unavaa utepe mpana wa kijani kifuani, unapokea wageni, unaonekana. Na kapewa nani? Baba wa huyo kijana wa mabega! Watoto wetu walipendana; sisi wazee hatukuulizwa. Watu humwita Brigedia, ingawa jeshi aliliona kwenye gwaride tu. Alikuwa mlinzi wa ghala la magodoro.

Leo kapita mezani kwangu, mikono nyuma, kaniambia, mkwe, jiwe hilo limekupita. Halafu katamba mbele ya watu kwamba sura akiiona mara moja haimtoki kichwani. Haya, tutaona.

Nimemwomba Mchungaji anipe mlango. Kasema atalifikiria. Serikali kasema mlango unataka mtu anayejua kunyamaza.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepata! Nimepata wakati nanyoa ndevu, nikajikata.

Sheria ya kwanza ya Meza ya Upendo ni kwamba mgeni haulizwi kitu. Si jina, si shida yake, si atokako. Anakaribishwa, anakula, anaondoka na heshima yake. Sheria nzuri sana, hasa kwa mtu mwenye mpango. Nitajibadilisha, nitapanga foleni, nitapita chini ya pua ya Brigedia na kula. Kisha kwenye sala ya kufunga nasimama, natangaza. Bingwa wa sura kashindwa kumjua mkwe wake! Utepe utahama kifua siku hiyohiyo.

Mimi na shule tuliachana darasa la nne, kwa makubaliano ya pande zote mbili. Lakini akili hizi hazifundishwi.

Jumamosi, 13 Septemba

Ushindi! Saa tano niliwaambia wenzangu wa maharagwe kwamba tumbo limenivuruga. Nyuma ya choo nikavaa koti kuukuu, nikashusha kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, nikafunga taya kwa kitambaa kama mwenye jino bovu. Nikapinda mgongo. Haukuhitaji kupindwa sana.

Brigedia kanishika mikono yote miwili. Kasema, karibu ndugu yangu, hapa umefika kwenu. Kanitazama juu, kanitazama chini, na hakujua kitu! Macho yalimlowa kidogo. Moshi wa jikoni, bila shaka.

Dirisha la kugawia liko chini, binti yangu huona mikono ya watu tu. Nikaitetemesha. Akaingiwa na huruma, upawa ukarudi mara ya pili. Nikala. Nikarudi kwenye foleni, nikala tena, kwa ajili ya ushahidi. Na niseme haki: maharagwe yalikuwa yamechambuliwa na mtu anayejua kazi.

Lakini sikutangaza. Kwenye sala ya kufunga Brigedia alinitangulia. Aliomba tumkumbuke ndugu mmoja kati yetu, ambaye nyumbani kwake mambo si mambo na anaona haya kusema. Kina mama wakafuta machozi. Nami nikaitikia amina kubwa kuliko wote, maana maskini ya Mungu, nani huyo! Baada ya sala kama ile mtu hasimami kujisifu. Nimeahirisha.

Jumapili, 14 Septemba

Ni mimi! Huyo ndugu ni mimi!

Baada ya ibada kiongozi wa kwaya alinitilia mayai sita kwenye mfuko, akaninong'oneza nijikaze. Mzee wa kanisa akanipa mkate mzima. Nilidhani ni heshima yangu tu, imechelewa njiani. Mpaka binti yangu alipokuja analia, anauliza, baba, kwa nini hukuniambia unalala njaa?

Viatu! Nilibadilisha kila kitu, nikasahau viatu. Na viatu vyenyewe ni vya Brigedia. Aliniazima siku ya harusi ya watoto wetu, miaka sita iliyopita. Aliviona kabla hajaniona mimi. Sheria ikamkataza kuuliza, basi hakuuliza. Alimnong'oneza Mchungaji peke yake, kwa siri. Na siri ya kanisani ina miguu kuliko mbwa wa mtaani.

Serikali kafuatwa na kina mama wawili. Wamemuuliza, kwa upole kabisa, kama angependa mtu wa kumsaidia kupika nyumbani. Yeye! Analisha watu mia mbili kila Jumamosi, halafu mumewe anakutwa kwenye foleni hiyohiyo, tena mara mbili!

Nilijiandaa kwa kelele. Kelele nimezizoea, ni kama mvua juu ya bati. Hakupiga kelele. Alitoa aproni yake mkobani, akaikunja, akaiweka juu ya kabati, akasema, baba watoto, ile haivaliwi tena. Kisha akakaa, mikono mapajani. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa, sijawahi kuiona mikono ile imekaa bure.

Mayai yamenishinda kula. Nimekula mawili tu.

Jumamosi, 20 Septemba

Wiki nzima aproni haikuteremka. Leo nimembembeleza aje anisindikize tu. Akaja, akakaa benchi la nyuma kabisa kama mgeni. Jikoni tayari kulikuwa na harufu ya wali unaoungua.

Kabla mlango haujafunguliwa nikapanda juu ya benchi. Nikasema yote: koti, kofia, nyuma ya choo, mpango mzima. Nikasema mke wangu ananilisha mpaka namkimbia. Halafu Brigedia akapiga makofi! Akasema huyu ndiye mwanamume, anajipaka tope ili kusitiri nyumba yake. Amina zikafuata. Kila nilivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kunihurumia. Kiongozi wa kwaya akaanza kupekua mkoba.

Hapo Serikali akainuka. Akaja mpaka mbele, hakuniangalia hata usoni, akanipandisha shati mbele ya ukumbi mzima, akawaonyesha mkanda wangu. Matundu matatu mapya, ya kutobolewa kwa msumari, yote upande wa kulegeza. Akawauliza, mtu wa njaa hutoboa upande huu? Akawasomea na kifungua kinywa changu cha leo: chai vikombe vitatu, viazi vitano, na nusu ya mkate wa mzee wa kanisa.

Kicheko kikatikisa mabati. Binti yangu akacheka mpaka akashika ukuta. Wale kina mama wawili wakaja kuomba radhi. Serikali akawaambia, wacheni radhi, wali unaungua! Akamvua mtu wa karibu aproni, akajifunga, akaingia jikoni. Nikapumua.

Mchungaji akaniuliza, nilipopita pale kama mgeni, niliona nini. Nilitaka kusema mlinzi wa magodoro hajui sura, anajua viatu. Mdomo ukanisaliti. Nikasema alinishika mikono yote miwili, na kwa muda kidogo nikasahau kwamba naigiza.

Brigedia akavua utepe, akanivika mwenyewe. Akasema aliyepita mlango huu akiwa mgeni ndiye wa kuusimamia.

Nimeshinda! Kwa kuzunguka, lakini nimeshinda!

Jumamosi, 27 Septemba

Siku ya kwanza mlangoni. Nimeshikana mikono na watu mia moja themanini na watatu. Utepe unanikaa vizuri. Nyayo zinawaka moto. Mlangoni hakuna kiti, jambo ambalo hakuna aliyeniambia.

Na Brigedia? Mchungaji kasema mtu mnyenyekevu namna ile asiachwe bure. Kampa funguo za stoo. Funguo saba! Ziko kiunoni, zinalia akipita. Serikali mwenyewe, mkuu wa jiko, akitaka chumvi anamwambia, tafadhali mkwe. Tafadhali! Neno hilo nyumbani kwetu halijawahi kuingia. Na stoo ina kiti. Kiti kina mto.

Kumbe cheo kilikuwa stoo! Mlangoni anafaa yeyote mwenye mikono.

Stoo inataka mtu asiyeweza kusimama sana. Kwa hiyo tangu saa nane mchana nimeanza kuchechemea, kidogo kidogo, ili watu wazoee. Nimechagua mguu wa kushoto. Wa kulia niliutumia siku tulipohama nyumba, na Serikali bado anaukumbuka.