Nimemwita Bosi wa Kiwanda Baba, Mbele ya Mkewe

Jamani, leo nimefedheheka mchana kweupe, na kosa langu ni adabu. Nasema adabu! Nina hasira na naandika haraka, kwa hiyo mkiona herufi zimerukwa mnivumilie.

Mnajua nipo Guangzhou kwa field ya chuo. Mlipoona zile picha za uwanja wa ndege mkadhani niko kwenye ofisi ya vioo, nazunguka na kiti. (Nami nikawaacha mdhani hivyo.) Ukweli ni kwamba tangu nifike, ofisi yetu ya mizigo hapa Xiaobei imenipa kazi moja tu, kufunga katoni kwa selotepu. Nasomea ugavi, navuta selotepu. Hata usingizini nasikia krrrr.

Jana msimamizi wangu, Kaka Juma, akaniita. "Kesho unampeleka mteja kiwandani Shiling kununua mikoba. Uko peke yako, hicho Kichina chako cha chuo kifanye kazi. Ukirudi na oda, selotepu basi. Nakupa wateja wako mpaka field iishe."

Nilipiga pasi gauni mara mbili.

Mteja mwenyewe ni Bi Mwanaidi, mfanyabiashara kutoka Unguja. Tukiwa kwenye gari nikampigia bosi wa kiwanda kumwambia tunakuja, nikamwita "laoban", yaani bosi, kama anavyoitwa kila mwenye duka hapa. Bi Mwanaidi akanikata jicho.

"Mtu mzima yule wamwita laoban, laoban, mfano wa muuza urojo? Kwenu hamna wazee? Ukifika umwamkie vizuri, umwite baba."

"Sawa, Bi Mwanaidi."

Mkumbuke aliyesema ni yeye. Yeye!

Tukafika. Bosi ni mzee wa mvi, mpole, akatuwekea stuli na kutumiminia chai kwa mkono wake. Kusikia natoka Tanzania, akaruka: "Mambo! Poa!" Kumbe ujanani alijenga barabara Dar es Salaam. Mkewe alikuwa pembeni anachambua zipu, na mafundi wako kwenye cherehani zao. Mimi nikapokea kikombe kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo kama nilivyolelewa, nikasema kwa sauti nzuri kabisa:

"Xiexie, baba."

Xiexie ni asante. Na baba, kwa Kichina, ni baba. Baba mzazi! Neno lilelile! Lilikuwa kwenye somo la kwanza kabisa chuoni, "Familia Yangu". (Nilipata A.)

Cherehani zikanyamaza. Mkewe akaweka zipu chini.

"Amekuita nani?"

Bosi akacheka kicheko cha mtu anayetafuta mlango. Mama yule akanigeukia mimi.

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na mbili."

Akahesabu kwa vidole, halafu akamwuliza mumewe taratibu: "Wewe ulirudi lini kutoka Afrika?"

Bosi akatazama dari. Jamani, mzee wa watu, jibu! Swali kama hilo linajibiwa papo hapo, wewe unafikiria nini?

Bi Mwanaidi akanivuta mkono. "Wasemaje?"

"Mama anauliza umri wangu."

"Si umwambie! Huenda ana kijana wa kuoza."

Nikajaribu kueleza. Kichina kikanikimbia chote, nikabaki na maneno machache ya kubahatisha. Nilitaka kusema kwamba kwetu tunawaheshimu watu wazima. Kilichonitoka ni hiki: "Kwetu nyumbani nina baba wengi." Fundi mmoja akaitazama pua yangu, akaitazama pua ya bosi, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika na ushahidi. Mwenzake ameshatoa simu, anarekodi.

Nikaona bora nimtulize mwenye ndoa yake. Nikamsogelea, nikamshika mkono, nikamwambia kwa unyenyekevu wangu wote:

"Pole, mama."

Na mama nayo ni mama! (Somo lilelile. A ileile.) "Pole" hakuisikia hata kidogo, alisikia hiyo nyingine.

"Mama yako nani?" Alipiga ukelele mpaka majirani wa kiwanda cha pili wakachungulia. "Mimi mama yako?"

Hapo bosi, jasho linamtiririka, akaanza kutupungia mikono kuelekea mlangoni. "Meiyou! Meiyou!" Hakuna, hakuna, mikoba imeisha. Imeisha! Mikoba imepangwa mpaka darini, tunaiona! Tukatoka hata chai hatujaigusa, nyuma yetu mume na mke wanabishana kuhusu Dar es Salaam.

Mnadhani Bi Mwanaidi alinitetea? Kabla hata hatujaingia garini alikuwa kwenye simu na Kaka Juma. "Huyu mtoto mliyenipa hana adabu hata chembe. Kaja kuvunja nyumba za watu!" Mimi! Sina adabu! Nilikaa mbele na dereva, nikalia kwa hasira mpaka Xiaobei.

Kaka Juma alicheka mpaka akakaa sakafuni. Alipomaliza akajifuta machozi, akanikabidhi selotepu mpya. "Mpaka field iishe," akasema.

"Haya, nilitakiwa nimwiteje yule mzee?" nikamwuliza kwa uchungu. "Wachina hawana heshima kwa watu wazima?"

"Wanayo sana. Ungemwita shushu, angefurahi."

"Shushu ndiyo nani?"

"Baba mdogo."

Baba mdogo! Yaani nilipatia, nikasahau "mdogo" tu. Msinicheke.